Pima Kwanza Kabla ya Kulaumu: Maneno juu ya Stima Nyumbani

(Hotuba hii ilisomwa na ndugu mmoja wa karakana ya mabehewa katika mkutano wa tawi. Wanachama waliomba ipigwe chapa ili wale waliokuwa zamu wapate kuisoma. – Mhariri.)



 Tukikutana hapa desturi yetu ni kusema habari za mshahara, za saa za ziada, na za nyumba. Hayo ni mambo ya fedha tunayotaka kupata. Leo nimeombwa niseme juu ya fedha tuliyokwisha kuipata kwa jasho letu, kisha ikatoka mlangoni bila kuaga. Nataka kusema juu ya stima.

Mimi si fundi wa stima. Elimu yangu ni ya msingi tu, niliyoipata katika shule ya misheni, na kazi yangu mwaijua: ni breki za mabehewa. Nasimama mbele yenu kwa sababu jambo hili liliniumiza, na katika kuumia nikajifunza. Nitawaeleza yaliyonipata, hata yale ya kunitia aibu, maana mwenzako akinyolewa nawe tia maji.

YALIYONIPATA

Ninakaa katika ploti ya kupanga, huku Eastlands, na mke wangu na watoto watatu. Tuna rumu mbili. Kila mpangaji ana mita yake, na mita zote zimo katika sanduku moja ukutani karibu na lango. Tulikuwa tukitumia yuniti kama 28 kwa mwezi, na tokeni zetu hazikupita sana shilingi 600. Hatuna friji. Tuna taa nne, televisheni, redio, pasi, birika la stima na simu za kutia chaji.

Mwezi mmoja tokeni zikaisha kabla ya tarehe 15. Nikanunua tena. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu nilipojumlisha niliona nimelipa karibu shilingi 1,900, na fedha hiyo niliichota katika chakula cha mchana cha watoto shuleni.

Je, nilifanya nini? Nilimlaumu mke wangu. Nilisema, "Wewe unapiga pasi siku zote, na watoto wanatazama televisheni mpaka usiku." Aliponijibu kwamba hajabadili chochote, sikumsikia. Nilichukua pasi nikaifungia ndani ya sanduku langu la bati, na ufunguo nikaenda nao kazini. Binti yangu akaenda shule na sare iliyokunjamana, na mwalimu akamwuliza mbele ya wenzake kama kwao kuna mama. Ndugu zangu, maneno hayo mtoto alikuja nayo nyumbani jioni, na mke wangu hakusema nami siku mbili.

Siku ya tatu aliniambia neno moja. Aliamka usiku kumpeleka mtoto mdogo chooni, na alipopita karibu na sanduku akaona kile kitaa chekundu cha mita yetu kinapepesa, hali ndani kwetu tumezima kila kitu. Akaniambia, "Baba watoto, mita yetu hailali." Nami nikamjibu kwa ujeuri, "Mita si mtu hata ilale." Nikaenda zangu kazini.

Lakini neno lile lilinifuata mpaka karakana. Mwajua tunavyopima breki za upepo. Twajaza upepo katika paipu mpaka geji ifike kipimo chake, kisha twafunga, twasimama, twatazama sindano. Sindano ikishuka kupita kiasi, pana mahali panapovuja. Hapo hatusemi, "Dereva ndiye mbaya," wala hatusemi, "Gadi ndiye mvivu." Twafuata paipu, behewa kwa behewa, mpaka tupate panapovuja. Nilikuwa nimeshika geji mkononi nilipojiuliza: mbona breki za watu wengine nazipima, na nyumba yangu naihukumu bila kuipima?

NILIVYOPIMA

Jioni ile nilifunga nyumba yangu kama ninavyofunga paipu. Nilizima taa, nikachomoa televisheni, redio, birika na chaja zote. Nikaenda kwenye mita na saa yangu mkononi. Kitaa kilipepesa. Nikahesabu: baada ya kila nusu dakika, mara moja. Nikarudi ndani nikazima meni swichi, ambayo huikata nyumba yote. Nikatoka tena. Kitaa kiliendelea vile vile, kila nusu dakika mara moja.

Maana yake ni nini? Ni kwamba stima ile haikuliwa na nyumba yangu hata kidogo. Ilikuwa ikitoka baada ya mita na kabla ya meni swichi yangu. Paipu ilikuwa imetobolewa njiani.

Usoni mwa mita yangu imeandikwa kwamba kitaa hupepesa mara 1,000 kwa yuniti moja. Kila nusu dakika mara moja ni mara 120 kwa saa. Kwa saa 12 za usiku ni mara 1,440, yaani karibu yuniti moja na nusu kila usiku. Kwa siku 30 ni yuniti 43. Jumlisha na zile 28 zetu za siku zote: ni 71. Nilipotazama daftari nililojumlishia tokeni, mwezi ule wa tatu tulikuwa tumetumia 71.

Sikugusa waya hata mmoja. Nawaomba mlishike neno hilo, maana stima haina onyo la pili. Niliwaita majirani wawili wawe mashahidi. Alfajiri, keateka alipozima taa ya lango na taa ya ujia, kitaa changu kikanyamaza pale pale. Usiku uliofuata tukamwomba azime na kuwasha mara tatu mbele yetu, na mara tatu mita yangu ikatii. Taa hizo zilikuwa mbili, za glopu za zamani za wati 60 kila moja. Sitini na sitini ni 120, sawasawa na hesabu yangu.

Habari ikatoka. Taa za ploti zilikuwa na mita yao wenyewe, na tokeni za mita ile ni za mwenye nyumba kununua. Zilipokwisha, mtu alihamisha waya akauunga katika wangu.

Ningalikwenda peke yangu kwa mwenye nyumba, huenda ningaliambiwa nitafute pa kuhamia. Lakini wapangaji sita tulikaa pamoja, tukaandika barua moja yenye hesabu na majina ya mashahidi, tukatia sahihi zote. Hatukumtukana mtu. Tuliandika tulichokiona na tarehe zake. Mwenye nyumba alimleta fundi mwenye leseni, waya ukatolewa, na taa za lango zikarudishwa kwenye mita yao. Kwa hasara yangu ya miezi mitatu alinipunguzia shilingi 1,500 katika kodi ya mwezi mmoja tu. Haikutosha, lakini tuliipata kwa karatasi na umoja, si kwa ugomvi.

Na nyumbani? Niliitoa pasi katika sanduku, nikamwomba mke wangu radhi mbele ya wale majirani wawili, kwa kuwa wao pia walinisikia nikimfokea. Aliyegundua mahali panapovuja ni yeye. Mimi nilileta saa tu.

YUNITI NI NINI?

Sasa niseme juu ya kipimo chenyewe, maana mtu asiyejua ratili atapunjwa sukari.

Kila chombo cha stima kimeandikwa wati zake, chini au nyuma. Wati 1,000 zikifanya kazi saa moja, umetumia yuniti moja. Ndiyo hesabu yote. Wati mara saa, gawanya kwa elfu.

Tutazame mifano. Glopu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi hula yuniti 9. Taa mpya ya LED ya wati 9 yatoa mwanga karibu sawa, na kwa saa zile zile hula yuniti moja na theluthi. Mwenye taa nne akibadilisha zote ameokoa yuniti 30 kwa mwezi. Kwa hiyo taa ya LED, hata ikiwa bei yake ni kubwa kidogo dukani, hujilipa upesi.

Televisheni ya wati 50 kwa saa tano kila siku hula yuniti 7 na nusu kwa mwezi. Chaja ya simu ni wati chache tu. Nasikia watu wakigombana na watoto kwa ajili ya chaja, hali ndani wana shawa ya stima ya wati 5,500. Hesabuni wenyewe: watu wanne, kila mmoja akioga dakika kumi, ni dakika 40 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya yuniti 3 na nusu kila siku, na kwa mwezi ni yuniti 110. Chaja yako ya simu haifiki hapo hata kwa miaka kadhaa.

Basi shikeni kanuni hii: kinachotoa joto ndicho mlaji mkubwa. Shawa, heta ya kutia ndani ya ndoo, birika, jiko la koili, pasi: hawa ndio wa kuangaliwa kwanza. Kinachotoa mwanga au sauti hula kidogo. Ukitaka kupunguza, anza na joto. Oga upesi. Chemsha maji ya vikombe unavyotaka, si birika zima kwa kikombe kimoja, kisha tia maji yaliyobaki katika chupa ya chai. Piga pasi nguo za wiki nzima kwa wakati mmoja, maana kila ukiiwasha upya unalipa tena kuipasha moto. Mwisho zima, umalizie nguo nyepesi kwa joto lililobaki.

Maharagwe usiyapike saa tatu juu ya koili ya wati 1,000. Hizo ni yuniti tatu kwa sufuria moja. Yalowe usiku kucha kwanza. Mwenye uwezo anunue sufuria ya stima ya mvuke, ile inayofungwa kifuniko, maana hupika upesi, na chakula kikishika joto yenyewe hupumzika. Hapo stima inayotumika ni sehemu ndogo ya ile ya koili.

Mwenye friji aisogeze mbali na ukuta ili ipumue nyuma, asitie chakula cha moto, na atazame mpira wa mlango. Funga mlango juu ya karatasi, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inavuja.

STIMA YATOKA WAPI, NA TWALIPA NINI?

Wazee wa pwani walipoita stima walikuwa wakisema meli ya moshi. Nasi watu wa reli tulianza na injini za mvuke. Leo neno hilo limerudi kwao kwa njia ya ajabu, maana sehemu kubwa kuliko nyingine zote ya stima ya Kenya yatoka kwa mvuke wa ardhini, kule Olkaria karibu na Naivasha, ambako kazi ilianza mwaka 1981. Mvuke watoka chini, wageuza mtambo, na mtambo wafanya stima. Nyingine yatoka kwa maji ya mto Tana, katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nyingine ni ya upepo, kama ile mitambo 365 iliyo karibu na Ziwa Turkana. Nyingine ni ya jua, na nyingine yanunuliwa kwa majirani zetu. Mwisho kuna mitambo ya mafuta, ambayo ni ghali.

Kampuni ya kwanza ya kuunganisha stima ya Mombasa na ya Nairobi ilikuwa East African Power and Lighting, ya mwaka 1922. Mwaka 1983 ikaitwa Kenya Power and Lighting. Siku hizi kazi imegawanywa kama ilivyogawanywa kwetu, mmoja akishika injini, mwingine njia, mwingine tikiti. KenGen hufanya stima, na kuna kampuni nyingine zinazoifanya pia. KETRACO hujenga njia kubwa za nguzo za chuma. Kenya Power huileta mpaka nyumbani na kuiuza. Na EPRA ndiyo yenye kuamua bei. Kwa hiyo yule kijana wa kaunta unayemfokea kwa ajili ya bei, yeye hakuipanga, kama vile mkata tikiti asivyopanga nauli.

Ukinunua tokeni, soma ujumbe wote. Usitazame zile tarakimu 20 tu. Utaona bei ya stima yenyewe, kisha vitu vilivyoongezwa. Kuna gharama ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi kwa kadiri mitambo ya mafuta ilivyotumika na bei ya mafuta ilivyokuwa. Kuna gharama ya fedha za kigeni, kwa kuwa madeni mengine ya stima hulipwa kwa dola. Kuna sehemu ya kupanda kwa bei za vitu, sehemu ya maji, na sehemu ya EPRA. Kuna asilimia 5 kwa ajili ya kupeleka stima mashambani, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Ndiyo sababu fedha ile ile, mwezi huu na mwezi ujao, haileti yuniti sawa. Si lazima mtu awe amekuibia.

Jambo kubwa zaidi ni daraja. Tangu Aprili 2023, mtu wa nyumbani asiyepita yuniti 30 kwa mwezi ndiye mwenye bei ya chini. Kutoka 30 mpaka 100 ni daraja la pili, na kupita 100 ni la tatu. Zamani, tangu mwaka 2018, bei ya chini ilifika mpaka yuniti 100, na wengi bado wanadhani ndivyo ilivyo. Tena daraja hutazamwa kwa wastani wa miezi mitatu. Angalieni basi hasara yangu: kwa taa mbili za lango sikulipa zile yuniti 43 tu. Zilinitoa katika daraja la 28 zikanipeleka daraja la 71, na hata yuniti zangu mwenyewe zikapanda bei. Waya ulipotolewa, bei haikushuka siku ile. Ilinibidi kungoja wastani urudi chini.

Wengine husema ukinunua tokeni za shilingi hamsini hamsini utapata nyingi zaidi. Kinachotazamwa ni matumizi ya mwezi, si ukubwa wa noti.

HATARI NA WADANGANYIFU

Lazima niseme juu ya stima ya sambaza. Najua wako ndugu kati yetu wanaokaa penye waya huo. Mtu aja, akuunganisha kwa shilingi kidogo kwa mwezi, hakuna mita, hakuna tokeni. Waonekana ni rahisi. Lakini waya ule hauna fyuzi ya kweli, hauna waya wa ardhi, na wapita juu ya mabati na ndani ya matope wanamocheza watoto. Nyumba moja ikiwaka, safu nzima yateketea. Sisi wa reli twajua kwamba kifaa cha usalama hakiondolewi ili kazi iende upesi. Tusifanye nyumbani tusichokubali kazini.

Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, au ikinuka, zima na uite fundi mwenye leseni. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, chomoa friji na televisheni, uache taa moja tu ya kukuarifu imerudi. Mara nyingi hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho huua vyombo.

Kuhusu wadanganyifu, mtakumbuka mwaka 2024. Mita zote za tokeni za aina hii, duniani kote, zilitakiwa kusahihishwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Saa iliyo ndani ya hesabu za tokeni ilianza kuhesabu dakika tangu mwaka 1993, na tarakimu zake zilikuwa zimefika mwisho, kama vile kihesabu maili kinavyofika mwisho kikarudi sifuri. Kusahihisha kulikuwa kwa kubonyeza tarakimu mpya tu. Aliyelielewa jambo hilo alibonyeza akaendelea. Asiyelielewa alikuwa windo la yeyote wa kumwambia, "Nipe shilingi elfu nikuokolee mita." Mtu akija mlangoni akisema ametumwa na kampuni, mwombe kitambulisho cha kazi, na usimpe fedha mkononi.

NINALOOMBA

Ndugu zangu, naomba mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba iwe na daftari la mita. Kila Jumapili jioni andika yuniti zilizobaki na tokeni ulizonunua. Wenye mita za kulipa baadaye waandike tarakimu za mita siku ile ile ya mwezi, ili bili ya kukadiria ikija wawe na jambo la kujibu. Kazi hii mpe mtoto wa shule, naye atajifunza hesabu.

La pili, mara moja kwa mwezi fanya jaribio la kuvuja. Zima yote, tazama kitaa. Kisha zima meni swichi, tazama tena. Kikipepesa ukiwa umezima vyombo, lakini kikanyamaza ukizima meni swichi, tafuta ndani ya nyumba. Kikiendelea hata meni swichi imezimwa, tatizo li nje. Usipande juu, usifungue sanduku. Ita mashahidi, andika, upeleke habari.

La tatu, tusimlaumu mtu kabla ya kupima. Mshahara haujatosha tangu baba zetu, nasi twaendelea kuupigania katika chama hiki. Lakini ukosefu ukiingia nyumbani hutafuta wa kumpiga, na aliye karibu ni mke na watoto. Mimi nilifungia pasi katika sanduku, na mtoto wangu akaaibishwa shuleni kwa ajili ya taa ya lango la mtu mwingine. Nisingependa ndugu yeyote wa tawi hili arudie kosa hilo.

 

MASWALI BAADA YA HOTUBA

Ndugu mmoja wa stesheni aliuliza: Nikizima televisheni kwa rimoti, je, imezimika? Msemaji alijibu kwamba inangoja, na huku kungoja hula kidogo. Kwa chombo kimoja ni jambo dogo, lakini kuzima soketini hakugharimu kitu, na huikinga stima ikirudi kwa kishindo.

Dada mmoja wa ofisi aliuliza: Sisi hatuna mita zetu. Mwenye nyumba ana mita moja kubwa na anatutoza kwa kadiri apendavyo. Tufanye nini? Msemaji alijibu: Ombeni kwa barua mwone tokeni au bili ya mita kubwa kila mwezi, na muulize yuniti moja mnauziwa kwa bei gani. Kila mmoja aandike wati za vyombo vyake na saa anazovitumia, kisha jumlisheni. Hesabu yenu ikiwa mbali na ya mwenye nyumba, mna jambo la kuzungumza naye. Nendeni wote pamoja.

Mzee mmoja aliyestaafu aliuliza kama mke wa msemaji amekwisha kumsamehe. Msemaji alisema kwamba pasi iko mezani, na ufunguo wa sanduku la bati sasa anao mama.